Naomba ushauri: hadithi yangu imenigomea katikati

Habari zenu wakuu, hasa mnaoandika hadithi, naombeni mnisaidie mawazo.

Nina riwaya nimeifikisha katikati, inahusu dada wawili wanaogombea nyumba aliyoacha marehemu mama yao. Mwanzoni ilikuwa inatiririka yenyewe yaani, mpaka nikafika pale mdogo anaporudi usiku funguo ziko mkononi anamkuta mkubwa kakaa gizani anamsubiri, hapo ndo nimekwama. Mwisho wake naujua, ila sijui hawa wawili waambiane nini pale mlangoni, kila nikiandika maneno yao naona ni mimi naongea sio wao.

Nimejaribu kuiacha kwa muda nikitegemea hamu itarudi, wapi, nikiifungua naiona kama kaandika mtu mwingine. Nikaisoma upya toka ukurasa wa kwanza, nikaishia kusahihisha koma na herufi tu hadithi yenyewe haikusogea. Kuandika kwa mkono kwenye daftari ndo angalau kulinipa mistari kadhaa ya yule mkubwa, na nadhani hiyo ndo sauti yake halisi, ila mdogo bado kanyamaza kabisa.

Kuitupa sitaki, hawa dada nawapenda mno.

Sasa mliowahi kukwama hivi, mliiruka hiyo sehemu mkaandika za mbele kwanza au mlikomaa nayo hapohapo mpaka ikafunguka? Na mhusika akigoma kuongea mnafanyaje mpaka mumsikie tena?