Flati za skrini ya tableti zinanitolea mistari, nyie mnatumia mwanga gani?

vumbi_la_dom
Wakuu habari za usiku. Niko Dodoma, napiga nyota kwa Canon 1300D na lenzi ya mm 135 juu ya kifaa cha kufuatisha nyota, ISO 800, sekunde 60 kila picha. Juzi nimepiga nebula ya Carina karibu masaa mawili nikazistaki (kuziunganisha ziwe picha moja) kwenye Siril, programu ya picha za nyota, kuvuta mwanga tu nikakuta kona zote nne giza halafu kuna maduara yenye kiini kama donati yametapakaa juu ya nebula. Kiangazi huku upepo ni vumbi tupu kwa hiyo sishangai. Nikaambiwa dawa ni flati, yaani picha za mwanga mweupe uliosambaa sawa ambazo programu inazitumia kufuta giza la kona na vivuli vya vumbi, basi nikafungua ukurasa mweupe kwenye tableti, nikaiegemeza kwenye lenzi nikapiga 30 kwa shata ya 1/1000 ya sekunde. Sasa kila flati ina mistari ya kulala, na nikizitumia kona zinageuka kung'aa kuliko katikati. Paneli ya mwanga ya dukani siwezi kununua kwa sasa. Nisaidieni.

fundi_lenzi
Pole mkuu, kamera yako nzima kabisa. Skrini nyingi ukizipunguza mwanga zinawaka na kuzima haraka sana jicho halioni, na shata kwenye 1/1000 haifunguki yote kwa mara moja, ni upenyo mwembamba unaokimbia mbele ya senza, hivyo pengine unapita skrini imewaka na pengine imezima, ndo mistari yako hiyo. Peleka mwanga wa tableti mpaka mwisho halafu uzuie kwa karatasi za A4 au kitambaa, ongeza tabaka mpaka Av (hali ya kamera kujichagulia shata yenyewe) ikupe nusu sekunde au sekunde nzima. ISO ile ile, f (uwazi wa lenzi) ile ile, fokasi usiiguse. Kilele cha histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kamera) kikae kati ya theluthi na nusu.

Mimi natumia fulana nyeupe ya pamba isiyo na maandishi, naikunja mara mbili naivuta juu ya lenzi ikaze kama ngozi ya ngoma nafunga kwa raba bendi, maana mkunjo mmoja tu ukibaki kivuli chake utakuja kukikuta kwenye flati. Na ukifika picha ya 15 zungusha tableti robo duara umalizie zilizobaki, skrini kama upande mmoja unawaka zaidi inajisawazisha.

dada_kimondo
Kaka hata tableti si lazima, anga lipo bure. Ukimaliza kupiga iache kamera ilivyo mpaka alfajiri, funga hiyo fulana, elekeza lenzi utosini ukiilaza kidogo magharibi, mbali na jua, anza kama dakika 20 kabla halijachomoza. Ila uwe tayari kweli kweli! Kwetu karibu na ikweta jua linapanda wima, mwanga unabadilika fasta, ndo maana Av ni muhimu ili kamera yenyewe ifukuzane na shata. Jioni napo inawezekana lakini hapo fokasi ya nyota bado hujaiweka, na flati ya fokasi nyingine haifuti donati sawasawa.

Halafu usichomoe lenzi kabla ya flati nakuomba. Mimi nilishachomoa mara moja tu nipanguse kioo cha nyuma, punje za vumbi zikahama, nikabaki na madoa ya zamani hayajafutika na mapya meupe pembeni yake, usiku mzima umeenda.

ndoo_nyeupe
Anayetaka boksi la kudumu la kupigia flati atafute ndoo nyeupe ya rangi ya lita 20, safi. Toboa kitakoni tundu la lenzi, utepe wa LED uzungushe ndani kulizunguka lile tundu taa ziangalie mfuniko, lenzi ione mwanga uliogonga mfuniko mweupe na siyo taa zenyewe. Washa kwa betri ya volti 12 moja kwa moja bila dima (kipunguza mwanga). Balbu ya ukutani iache, umeme wetu ni hezi 50 na balbu nyingi rahisi zinafifia mara 100 kwa sekunde, utarudi kule kule kwenye mistari.

vumbi_la_dom
Asanteni sana aisee. Na zile kona kung'aa?

fundi_lenzi
Dark (picha za kifuniko kimefungwa, muda sawa na picha zako) au bias (kifuniko kimefungwa, shata ya kasi kabisa) ulitoa?

vumbi_la_dom
Hapana, niliweka picha na flati tu.

fundi_lenzi
Basi hapo hapo. Canon yako inaongeza namba ya kuanzia kwenye kila pikseli, kama 2048 hivi, hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Hiyo siyo mwanga, haijapunguzwa na lenzi kwenye kona, sasa Siril ikigawanya picha kwa flati na yenyewe inapandishwa kwenye kona pamoja na mwanga wa kweli. Funga kifuniko, piga bias 50 kwa shata ya kasi kuliko zote, ISO 800, zitolewe kwenye flati na kwenye picha pia, ukiwa na dark za sekunde 60 basi kwenye picha tumia hizo. Carina yako usiitupe.

vumbi_la_dom
Wakuu nimerudi. Lenzi sikuwa nimeichomoa tangu siku ile na ringi ya fokasi ina selotepu, nikapiga flati upya, tableti na A4 tatu, sekunde 0.6, nikaongeza na bias. Kona zimelala sawa, mistari hakuna. Donati zote zimeondoka isipokuwa moja ndogo nyeusi karibu na Eta Carinae, nyota iliyo ndani ya nebula yenyewe, ukingo wake mkali.

dada_kimondo
Hiyo yenye ukingo mkali ilikaa karibu kabisa na senza usiku ule, na itakuwa imehama kabla ya flati mpya, ndo maana haijafutika. Ipulize senza kwa pampu ya mpira kamera ikiangalia chini, usitumie mdomo, mate yanaganda.