Je, kukataa agizo la mchungaji ni kuasi?

Mhazina wa Ujenzi:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mhazina wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu, na ni mmoja wa watia saini wa akaunti ya benki. Waumini walichanga fedha za kuezeka jengo, wakiwemo wajane wanaouza mboga sokoni, na kila mmoja alipotoa alijua anatolea mabati. Hivi karibuni mchungaji alinitaka nisaini hundi ya kulipia gari lake kutoka katika fedha hizo, akasema wazee wa kanisa wataarifiwa baadaye. Nilimjibu kwa heshima kwamba siwezi kusaini bila muhtasari wa kikao. Jumapili iliyofuata alihubiri kutoka 1 Samweli 15:23, "kuasi ni kama dhambi ya uchawi", na ingawa hakunitaja jina, wengi walielewa ni nani anayesemwa. Sasa kina mama tunaoomba nao wananisihi niende nikatubu. Nimelelewa nikiamini kwamba mtumishi wa Mungu hapingwi, na Waebrania 13:17 inaniagiza niwatii wanaoniongoza. Naomba mnisaidie kwa Maandiko: je, nimeasi?

Mwalimu wa Shule ya Jumapili:

Dada yangu, amani ya Kristo iwe nawe. Kabla ya kutubu, isome sura hiyo yote tangu mstari wa kwanza, kisha ujiulize neno hilo la uchawi aliambiwa nani. Hakuambiwa muumini aliyemkatalia kiongozi wake. Aliambiwa mfalme Sauli, kiongozi mwenyewe, ambaye Mungu alimwagiza awaangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao, lakini akamwacha hai Agagi mfalme wao na kubakiza kondoo na ng'ombe walionona, kisha akajitetea kwamba wanyama hao ni wa kumtolea Mungu dhabihu. Tena angalia alivyokiri katika mstari wa 24, kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Basi uasi wa Sauli ulikuwa ndani ya utii, kwa kuwa aliitii sauti isiyostahili kutiiwa akaiacha ile ya Bwana, na mali iliyohusika ilikuwa mali ambayo Mungu alikwisha kuiamulia matumizi yake.

Habari za mfalme huyo zina mambo mengine mawili ambayo nadra kuyasikia yakihubiriwa. Katika sura ya 14 Sauli aliwaapisha watu wasile chochote mpaka jioni, na Yonathani, ambaye hakukisikia kiapo hicho, alipoonja asali, baba yake aliazimia kumwua. Watu walikataa waziwazi na kumwokoa, na hakuna nabii aliyetumwa kuwakemea. Katika sura ya 22 Sauli aliwaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu, nao hawakukubali kunyosha mikono yao. Aliyetii alikuwa Doegi Mwedomi, na siku hiyo walikufa makuhani 85. Ikiwa utii kwa mwenye cheo ndio kipimo chenyewe, itatubidi tuseme kwamba Doegi alikuwa mcha Mungu kuliko walinzi wale, jambo ambalo hakuna Mkristo atakayelikubali.

Kuhusu Waebrania 13:17, usiukate mstari katikati, kwa maana unaendelea kusema kwamba viongozi hao wanakesha kwa ajili ya roho zetu kama watu watakaotoa hesabu. Anayekuomba saini huku akikwepa kikao anaikimbia hesabu ambayo mstari huo unamdai. Kwa maoni yangu hukuasi, na toba unayoshauriwa kuifanya haina dhambi ya kutubiwa.

Mzee wa Kanisa:

Nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu kubwa, lakini nimeona makanisa yakipasuka kwa sababu ya watu waliosema wanamtii Mungu kumbe wanayatii mapenzi yao wenyewe, kwa hiyo naomba tusiliache suala hili mapema. Kora, Dathani na Abiramu, waliompinga Musa jangwani (Hesabu 16) pamoja na wakuu 250, hawakusema wanamwasi Mungu. Walisema mkutano wote ni mtakatifu na Musa amejikweza. Hoja yao ilikuwa nzuri masikioni. Musa aliifunua alipomwuliza Kora, aliyekuwa tayari Mlawi mwenye huduma, kama anautafuta na ukuhani pia. Hapo ndipo ninapotenganisha uasi na uaminifu: Kora alitaka nafasi, ilhali walinzi wa Sauli hawakutaka chochote isipokuwa mikono yao isimwage damu. Binti yangu, jichunguze kama unautamani uongozi au unataka aibu impate mchungaji. Kama jibu ni hapana mbele za Mungu, hufanani na Kora.

Musa naye alipolaumiwa siku ile alisema hakuchukua hata punda mmoja wa watu wale. Samweli, nabii huyohuyo aliyemtamkia Sauli neno la uchawi, alikuwa amesimama mbele ya Israeli yote katika 1 Samweli 12 akiwataka waseme amemnyang'anya nani ng'ombe au punda. Mtumishi mwaminifu huanza mwenyewe kuifungua hesabu yake, na nasikitika sana mimbari inapotumiwa kumnyamazisha mtu aliyeomba muhtasari tu.

Neema wa Pwani:

Naandika kutoka Kilifi, na kwetu jambo hili si la nadharia. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na manusura walieleza jinsi watu walivyoaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Sisemi kwamba hundi ni sawa na kifo. Nasema kwamba kanisa linalofundisha kuwa kuuliza swali ni uchawi linawaacha watu wake bila kinga siku agizo baya zaidi litakapokuja.

Mhazina wa Ujenzi:

Nawashukuru sana. Mzee wangu, nimejichunguza, na cheo hiki sikukiomba. Nimefikiria nijiuzulu ili amani irudi. Je, hiyo si njia ya unyenyekevu zaidi?

Mzee wa Kanisa:

Usijiuzulu kwa sasa, binti yangu, kwa kuwa atakayewekwa mahali pako huenda akasaini kabla kikao hakijaketi. Daudi hakumdhuru Sauli alipompata pangoni, na moyo ulimchoma hata kwa kukata upindo wa vazi lake, lakini pia hakurudi kwenda kukaa naye. Vivyo hivyo usimseme mchungaji vibaya sokoni wala kwenye kundi la WhatsApp, na hundi usiisaini. Fuata Mathayo 18: mwendee kwanza peke yenu na umweleze jinsi mahubiri yale yalivyokuumiza. Asipokusikia, nenda na wazee wawili, kisha mwandikie katibu wa kanisa barua ukiomba kikao, na ubaki na nakala. Katika kikao hicho someni 2 Wakorintho 8:20-21, ambapo Paulo, mtume mzima, anaeleza kwamba anajiepusha na lawama katika fedha za michango, akifikiri yaliyo mema si mbele za Bwana tu bali na mbele ya wanadamu. Wazee wakiamua kwamba mchungaji anahitaji gari, na huenda kweli analihitaji, liitishwe changizo lake kwa jina lake, na waumini watoe wakijua wanatolea nini.