Msaada wakuu: dogo kapata ofa mbili za vyuo Marekani, ipi yenye mgao wa uhakika?

Kaka wa Mbulu
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri na iwe mapema kidogo maana muda unaniishia na usingizi sipati. Mdogo wangu ni mkimbiaji, kamaliza form six, mita 5000 ana 14:02 aliyokimbia Sheikh Amri Abeid, sasa kapata ofa mbili. Chuo cha kwanza kipo konferensi ndogo, yaani ligi ya vyuo ya kule, mji wenyewe ukiutafuta kwenye ramani lazima ukuze. Kocha wao anapiga sana simu. Cha pili kimehamia konferensi kubwa, yale mambo ya vyuo kuhama kufuata hela ya televisheni, na tumeambiwa tangu 2025 vyuo vinagawana mapato na wanamichezo, dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Swali langu ni hili tu, mgao wa mkimbiaji unatoka kila mwezi au mwisho wa msimu? Na konferensi ikiongeza mapato wa dogo nao unapanda? Wanaojua tafadhali.

Mzee wa Relini
Hongera sana kwa familia. Mimi UMISSETA nilikuwa nakimbia 1500 peku na wenye viatu nilikuwa nawaacha, tatizo enzi zetu ukishamaliza shule ndiyo basi hakuna wa kukushika mkono, leo nina goti hili hata ngazi napanda kwa kushika ukuta. Mpeleke popote aende.

Boksi Texas
Mkuu kuna vitu viwili umevichanganya, au kuna mtu kakuchanganyia makusudi. Hela ya konferensi ni ya vyuo. Konferensi inauza haki za televisheni, ikilipwa inagawia vyuo wanachama, na ndicho kilichoivunja konferensi ya Pac-12 ya pwani ya magharibi. USC na UCLA walitangaza 2022 wanaenda Big Ten, Oregon na Washington wakafuata wakakubali kama nusu ya mgao wa wenzao, Colorado, Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Stanford na California ya Berkeley wakaingia ACC ambayo ni konferensi ya pwani ya mashariki, wao wanakaa pwani ya Pasifiki, na wakakubali karibu asilimia 30 tu ya mgao kwa miaka 7. SMU ya Dallas hapa wakakubali miaka 9 bila hela ya televisheni ya konferensi, ili mradi waingie. Kwa hiyo chuo kusema kimehamia konferensi kubwa haimaanishi kina hela, kingine ndiyo kwanza kinafunga mkanda na safari zimekuwa ndefu.
Hiyo milioni 20.5 ni kitu kingine. Ni makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA wanaosimamia michezo ya vyuo, jaji Claudia Wilken aliyapitisha Juni 2025, vyuo vikaanza kulipa wanamichezo moja kwa moja tarehe 1 Julai. Na huo ni UKOMO wa mwaka wa kwanza, 2025/26, chuo hakilazimishwi kufika huko. Kikifika, vingi vinapeleka kama robo tatu kwa futiboli yao ile ya Kimarekani, kipande kikubwa cha kinachobaki kinaenda basketi. Riadha inapata makombo kama yapo.

Wananchi Daima
Kumbe ni kama mgao wa Azam TV kwenye ligi yetu, ule mkataba wa 2021 wa bilioni 225.6 kwa miaka 10, ila huku timu zinahama ligi kumfuata Azam wao. Na hapa mkubwa ndiye anayejaza uwanja halafu wadogo wanalalamika mgao mdogo. Nyie watu wa upande ule mnaelewa nasema nini.

Mnyama Mkali
Tumeanza. Mtu kaomba ushauri wa mdogo wake wewe umeleta Yanga.

Da Happy
Kaka wa Mbulu, skolashipu kila chuo kinatoa asilimia ngapi? Hapo ndipo pa kuanzia.

Kaka wa Mbulu
Asante Boksi Texas, lakini mimi nimeona na macho yangu kwenye habari kuwa wanamichezo wanalipwa, na riadha ni mchezo. Da Happy skolashipu zipo zote mbili, mimi nauliza kuhusu mgao.

Da Happy
Hujajibu. Asilimia ngapi?

Mwalimu Mstaafu
Vijana, elimu kwanza. Kila siku nasema humu, mguu una mwisho wake, cheti hakina. Anaenda kusomea nini huyo kijana? Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Nimefundisha miaka mingi nimeona vipaji vinarudi kijijini havina hata ufundi wa kushona.

Kaka wa Mbulu
Atasoma biashara mwalimu. Da Happy, cha kwanza ni fulu, ada, chakula na kulala. Cha pili ni asilimia 40. Ila wakala kasema hiyo 60 inajazwa na mgao na inabaki ya kutuma nyumbani. Ndiyo maana nikauliza unatoka lini.

Boksi Texas
Umeficha la maana mpaka umebanwa. Sasa kuna WAKALA?

Da Happy
Nisikilize vizuri ndugu yangu, nimefanya kazi ofisi ya wanafunzi wa nje kwenye chuo cha huku. Ili apate viza ya F-1, ya mwanafunzi, chuo lazima kimpe fomu ya I-20, na hawatoi mpaka muonyeshe hela ya mwaka wa kwanza ipo. Skolashipu ya 40 itahesabiwa, hiyo 60 mnatakiwa kuionyesha nyie. Ahadi ya mdomo ya mgao hakuna atakayeihesabu. Na hata akifika, mwenye F-1 mwaka wa kwanza kazi anaruhusiwa ndani ya kampasi tu, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hakuna sheria iliyosema wazi kama mgao huu ni kazi au si kazi. Ndiyo maana vyuo vingi vinaogopa kuwalipa wageni, mtoto anaweza kupoteza viza. Hiyo 60 itatoka wapi?

Kaka wa Mbulu
Wakala anashughulikia benki stetimenti. Kasema ni kawaida, hela inaingizwa kwenye akaunti, stetimenti ikishatoka inarudi kwa mwenyewe. Wengi wamepita njia hiyo na wapo huko wanakimbia. Na sisi hatujakurupuka, nusu ya hela yake tumeshampa, tumekodisha shamba la vitunguu kule Mang'ola. Siwezi kurudi nyuma wakati shamba liko kwa mtu. Nikimpeleka huko kudogo hiyo hela nairudishaje?

Mwalimu Mstaafu
Kijana unamfundisha mdogo wako kuingia nchi ya watu kwa karatasi ya uongo. Ubalozi wakigundua ni kufungiwa maisha. Shamba utalikodi tena, jina lake likishaandikwa kule halifutiki.

Mwana wa Iten
Poleni sana ndugu zetu wa TZ, hapa Eldoret tumeona hayo mengi. Ngoja niwaambie kitu kuhusu konferensi. Henry Rono alikimbia akiwa Washington State, 1978 akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Chuo hicho hicho, Pac-12 ilipovunjika, kilibaki nyuma pamoja na Oregon State, wawili tu. Juni 2025 wakatangaza wanaondoa kurusha na kuruka, mbio fupi wanazipunguza, wanabaki kuegemea mbio ndefu. Sasa hiyo ndio ya kuuliza kocha, si mgao. Mkihama ama mkibaki, riadha itakuwepo miaka minne ijayo? Na ingine, makubaliano yaleyale yameweka ukomo wa kikosi, mbio za nyika wanaume ni 17 tu. Kwa chuo kikubwa kijana wa asilimia 40 ndiye wa kwanza kutolewa.

Msukuma Baiskeli
Na sisi tulikuwa na wetu. Suleiman Nyambui alikuwa El Paso, UTEP, akaleta medali ya fedha ya mita 5000 Olimpiki ya Moscow 1980. Wakati huo UTEP wako konferensi ya WAC, baadaye wakahamia Conference USA, na Julai 2026 ni zamu ya Mountain West. Chuo ni kilekile, watoto wanakimbia, wanaobadilika ni wa kucheza nao. Mimi nikiona vijana wa Mbulu na Singida wanapata nafasi nafurahi mpaka naumwa, maana tulilala muda mrefu mno wakati Wakenya wanajaza ndege.

Nyundo ya Kichwa
CHAI HII. Mtu wa 14:02 apate ofa konferensi kubwa wakati wale wanataka 13:30 kushuka chini? Na uzi umepangwa, ofa, siri, wakala, shamba. Huyu ni wakala mwenyewe anapima upepo, kesho mtaona namba ya simu hapa.

Mnyama Mkali
Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Eti shamba la vitunguu.

Msukuma Baiskeli
Nyundo acha hizo. Arusha ipo karibu mita 1,400 juu, 14:02 ya hapa ukiishusha usawa wa bahari ni habari nyingine. Halafu kwa asilimia 40 chuo hakijahatarisha chochote, ndiyo maana wametoa.

Nyundo ya Kichwa
Ishushe tuone inakuwa ngapi. Kila mkimbiaji wa Tanzania kwenye makaratasi ni bingwa.

Wananchi Daima
Uwanja wenyewe sijui kama walipima vizuri.

Kaka wa Mbulu
Sina cha kuuza. Kama ningekuwa wakala ningejisema vibaya hivi? Baba hayupo, mimi ndiye ninayemsimamia dogo tangu yuko la tano, viatu vyake vya kwanza vya misumari nilinunua mtumbani Kilombero kwa hela ya bodaboda. Mkinidhihaki sawa, lakini kuna mtu kanipa matumaini nimeyashika, ndiyo maana nipo hapa usiku silali. Wakala anataka nusu iliyobaki Jumatatu. Na kuna asilimia 10 ya kila hela dogo atakayopata kule.

Da Happy
Hiyo asilimia 10 imeandikwa?

Kaka wa Mbulu
Ipo kwenye karatasi. Dogo kaweka sahihi.

Boksi Texas
Duh. NCAA hawana shida na mtu anayelipwa ada ya kawaida kutafutia mtoto chuo, ila malipo ya kukata asilimia kwenye skolashipu hayo yanaweza kumtoa mtoto kwenye mashindano, hata hicho chuo kidogo chenye fulu anaweza kukikosa. Usimlipe hiyo nusu nyingine. Karatasi ipige picha, mtafute kocha wa chuo cha kwanza, mwambie ukweli wote pamoja na hiyo sahihi, wana watu wao wa sheria za NCAA wanajua la kufanya mtoto akiwa hajaingia bado. Yule kocha umemjibu nini?

Kaka wa Mbulu
Nilimwambia bado tunafikiria. Kusema kweli nilimwambia tumepata pazuri zaidi. Ila hatujasaini popote.

Boksi Texas
Hapa kwangu ni saa tatu asubuhi, makocha wameshatoka mazoezi ya alfajiri. Piga sasa hivi.

Mwana wa Iten
Piga boss. Hao makocha wa vyuo vidogo hawana maringo.

Nyundo ya Kichwa
Nipo hapa nasubiri namba ya wakala.

Kaka wa Mbulu
Wakuu nimempigia. Kasema nafasi ipo mpaka Ijumaa, karatasi nimtumie ampe mtu wao wa sheria aione kabla hajaahidi chochote. Ila kasema anataka kuongea na dogo mwenyewe, mimi hataki. Dogo yupo mazoezini na simu yake huwa nakaa nayo mimi. Shamba sijui nitamwambia nini mama.

Da Happy
Akirudi mpe simu utoke nje aongee peke yake.

Kijana Mkuki
Wakuu samahani naingilia, mimi narusha mkuki nina mita 61, hivyo vyuo vya konferensi ndogo vinachukua na warushaji au ni mbio tu?