Mchezaji wa kulipwa akienda kufundisha chuo, gofu imemshinda?

MtotoWaMafinga:
Kamwene wakuu. Gofu nimeijua kwa kubeba mifuko ya wageni Mufindi, uwanja ule wa kwenye mashamba ya chai. Juzi kijiweni tumebishana sana. Jamaa anashikilia kwamba mchezaji wa kulipwa akiishia kuwa kocha wa chuo, basi gofu imemshinda. Mimi nakataa ila sina mfano. Mwenye nao amwage hapa.

KediMstaafu:
Mfano ni Casey Martin wa Marekani. Alisoma Stanford, wakachukua ubingwa wa vyuo 1994, na baadaye akawa timu moja na Tiger Woods. Mguu wake wa kulia ulikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, damu haizunguki inavyotakiwa. PGA Tour, yale mashindano makuu ya gofu ya kulipwa Marekani, sheria yao ilikuwa kutembea kwa miguu. Akaomba apande kigari cha uwanjani, wakagoma, akawapeleka mahakamani. Mpaka magwiji wa gofu, Jack Nicklaus na Arnold Palmer, walitoa ushahidi wa kumpinga! Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, majaji 7 kwa 2.

Kule PGA Tour alikuwa ameshacheza msimu wa 2000 na hakudumu. Mwaka 2006 akachukua timu ya Chuo Kikuu cha Oregon, mjini kwao Eugene. Ubingwa wa vyuo ukaja 2016, uwanja wa hapohapo nyumbani. Fainali na Texas zilikuwa 2-2, mechi ya mwisho ikaamuliwa na kijana wake Sulman Raza kwenye shimo la tatu la nyongeza.

Sasa dogo, wewe umebeba mifuko, utanielewa. Kwenye gofu ya kulipwa, katikati ya mchezo anayekushauri ni kedi wako, yule mbeba mifuko, basi. Kwenye vyuo kocha anaruhusiwa kutembea na kijana wake na kumwelekeza. Ni ukedi ule ule. Ukungu wa Mufindi umeshuka, bendera haionekani, mgeni anakuuliza apige nini. Unamwambia shika fimbo namba saba, lenga ule mkaratusi, piga kwa nguvu maana majani yamelowa, mpira ukitua hauendi popote. Akikosea lawama zako, akipatia sifa zake. Aliyeshindwa gofu haiwezi kazi hiyo.

Mzee_wa_Uyole:
Mkuu, lakini 1998 huyo alimaliza wa 23 US Open, mashindano makubwa kabisa ya gofu. Mguu ungekuwa mzima angeenda kufundisha watoto kweli?

KediMstaafu:
Pengine asingeenda, mzee wangu, hapo sibishi. Ila aliyemshinda ni mguu. Mwaka 2012, ukocha anao, alifuzu tena US Open, uwanja uleule wa 1998, Olympic Club. Mwaka 2021 mguu wakaukata, na timu akaendelea nayo.

MtotoWaMafinga:
Shukrani kaka. Nampelekea jamaa leo leo, maana soda tuliwekeana.