Leseni za TV: ushindani huu Mombasa tunaufaidi nini?

Siku ya tano mabomba makavu hapa Kisauni, tunanunua maji ya mkokoteni. Juzi usiku nikashika rimoti nikazunguka stesheni zote za king'amuzi, nione nani atalisema hilo. Nilichokuta ni mheshimiwa mmoja akihutubia mazishini huko bara, stesheni tatu kwa mpigo.

Wakubwa mnakumbuka: KTN ilipoanza 1990, TV ya kwanza isiyo ya serikali, ilikuwa ya Nairobi na viunga vyake. Sisi tukabaki na KBC ya serikali. Tuliambiwa masafa ni machache. Lakini tangu 2015 tulipohamia dijitali hoja hiyo imekufa. Masafa yaliyobeba stesheni moja sasa yanabeba kumi na zaidi. Leseni zimetolewa kama njugu, na studio kubwa zote ziko Nairobi.

Natoa hoja, nipingeni: Mamlaka ya Mawasiliano isitoe leseni nyingine ya nchi nzima mpaka kila eneo liwe na stesheni yake, na ada ya kurushiwa mawimbi ipunguzwe kwa stesheni za maeneo. Maana leseni ya vipindi ni karatasi tu. Msambazaji wa mawimbi, yaani kampuni inayokurushia hivyo vipindi hewani, anataka chake, upate matangazo usipate.

Wa Likoni: Shehe, umesema nusu. Hata ukirushiwa bure, utakula nini? Matangazo ya sabuni, unga na simu hugawiwa Nairobi. Muuza leso wa Biashara Street anajitangazia mwenyewe kwa simu yake. Utabaki na wanasiasa wa hapa hapa, na anayekulipa mshahara utamuuliza maswali gani? Mpwa wangu alikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo, akakaa miezi mitatu bila senti. Sasa anaendesha tuktuk, na amenenepa.

Wa Mji wa Kale: Mimi naogopa hilo neno "isitoe". Rungu la kunyima leseni ukishampa mtu, hakuulizi tena amchape nani. Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipokula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, tukakaa siku kadhaa bila kuziona. Juni 25, 2025, ikaja amri ya Mamlaka hiyo hiyo ya kutoonyesha maandamano mubashara, mpaka mahakama ikaisimamisha. Na Katiba, kifungu cha 34, imeruhusu leseni kwa ajili ya kupanga masafa na usambazaji wa mawimbi, tena kwa utaratibu usioshikwa na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Wewe mwenyewe umesema masafa yapo tele. Kunyimana kunatoka wapi?

Wa Kisauni: Hapo umenishika, ndugu yangu. Nafuta "isitoe". La ada silifuti. Mwaka 2019 makontena ya bara yalipoamriwa yapande reli ya SGR, watu wa malori wakaandamana mjini. Nani alikwenda Miritini na Mariakani, kwenye njia ya malori, kukaa na mwenye gereji na mama wa chapati, akawauliza hesabu zao za jioni? Kazi hiyo inataka mwandishi anayelala hapa, si wa kutumwa kwa ndege akarudi kesho yake.

Wa Changamwe: Jamani, TV mnayoigombania vijana wangu hawaiwashi. Feri ikikwama, mtu yuko ndani yake anarusha mubashara kwa simu, na hana leseni ya yeyote.

Wa Likoni: Lakini wa simu haendi kumuuliza mhandisi kwa nini imekwama.

Wa Kisauni: Ndiyo hayo. Habari za maji zilinifikia hatimaye, kwa sauti iliyotumwa kwenye kikundi cha mtaa: eti yanafunguliwa saa nane za usiku. Nikatoka na ndoo tatu. Nikawakuta majirani kumi wamejipanga, na bomba linapumua upepo.