Mdogo wangu anatuhumiwa kuiba mali ya mwajiri: sheria inasemaje?

Kaka wa Tandika
Habari za jioni, ndugu zangu. Mdogo wangu ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Maboksi ya nyaya yalionekana kupungua, akakamatwa, akalala mahabusu, kisha akatoka kwa dhamana ya polisi na sasa anaripoti kituoni kila Jumatatu. Mwajiri anasema mali ikilipwa atamsamehe na mambo yataishia hapo. Je, tayari ana kesi, na msamaha huo una nguvu gani? Mama hapati usingizi, kwani mtaani wameshaanza kumwita mwizi.

Karani Mstaafu
Pole sana, kaka, na umfikishie mama pole zangu. Kwa sasa mdogo wako ni mtuhumiwa. Atakuwa mshtakiwa siku atakaposomewa hati ya mashtaka mbele ya hakimu. Hata hapo, ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inapiga marufuku kumtendea kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, pasipo kuacha shaka.

Kuhusu msamaha, kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mwajiri ni mlalamikaji na shahidi. Mashtaka yakishafunguliwa, mwenye uamuzi wa kuyaondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Tena mkimwandikia mwajiri karatasi yenye maneno kama "nakiri kuchukua maboksi na nitalipa", mmempa mwendesha mashtaka kielelezo cha ushahidi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni maelezo ya onyo aliyoandikwa kituoni. Kwa sheria yetu, ungamo lililotolewa kwa hiari mbele ya polisi linaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo muulize kwa utulivu kama alionywa kwamba halazimiki kusema lolote, kama alielezwa haki ya kumwita wakili au ndugu, na kama alisomewa karatasi kabla ya kutia sahihi. Kama alishurutishwa, wakili ajue mapema, kwa sababu pingamizi hutolewa pale maelezo yanapoletwa yapokelewe, si baada ya hukumu.

Dada wa Ukonga
Naongezea kuhusu dhamana. Wizi una dhamana, tofauti na mauaji, uhaini au unyang'anyi wa kutumia silaha. Hata hivyo, wadhamini huhitaji barua za serikali ya mtaa na vitambulisho, na wasipokamilika siku ya kusomewa mashtaka, mshtakiwa hupelekwa gereza la Keko au Segerea. Waandaeni sasa, na asikose hata Jumatatu moja. Kama hamna uwezo wa kumlipa wakili, kuna mashirika yanayotoa huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kaka wa Tandika
Ahsanteni sana. Je, mashtaka yakifunguliwa kisha yakaondolewa, ndiyo mwisho?

Karani Mstaafu
Si lazima, kaka. Yakiondolewa kabla hajaitwa kujitetea, ataachiwa, lakini anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa kwa jambo lile lile, na nimeshuhudia familia zikishangilia kortini huku askari wakimsubiri mtu wao mlangoni. Kinachomkinga ni mahakama kutamka kuwa hana kesi ya kujibu au hana hatia. Akitiwa hatiani katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, atoe notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ifunguliwe ndani ya siku 45.