Ulinganisho: Jozani, Chumbe au Misali kwa ziara ya skuli?

Mwalimu_Shamba
Assalamu alaykum wanajamvi. Nataka kuwapeleka wanafunzi wakaone viumbe vya pwani kwenye hifadhi. Nimebakisha sehemu tatu: msitu wa Jozani na kisiwa cha Chumbe vya Unguja, na kisiwa cha Misali cha Pemba. Jumatatu natakiwa nimpe jibu mwalimu mkuu. Ipi bora?

Mkaa_Wesha
Waalaykumu salaam mwalimu. Bora kwa nani? Hukusema ni wangapi, wa umri gani, wangapi wanajua kuogelea, wala mko Unguja au Pemba. Na kubwa kuliko yote: mwezi ngapi? Sikuulizi Machi wala Aprili, nakuuliza mwezi wa angani, maana ndio unaopanga kujaa na kupwa kwa maji.

Bint_Pete
Jozani, wala usihangaike. Kima punju asili yao ni Unguja tu, na hapo utawaona karibu bila ya kutumia darubini. Ila mfike asubuhi mapema. Jua likishapanda wanajilaza matawini mikia imening'inia, na watoto watachoka kuangalia mikia. Msogeleo mwisho mita 3, na mwenye mafua abaki nyuma, maana mafua ya binadamu huwapata na wao. Ndizi msiwape kabisa: tumbo lao limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi, tunda bivu huwachachia tumboni. Waelekezeni watoto watazame kima akitafuna mkaa wa kuni. Majani ya mkungu na mwembe yana sumu, na mkaa huipunguza. Hapo una somo zima la sayansi.

Halafu nendeni Pete kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko, si mbali na geti.

Baharia_Kusini
Bi Pete, kima wazuri, lakini mwalimu kasema pwani. Chumbe mwamba wake wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na matumbawe yake yamesimama kama bustani. Kuna mnara wa 1904 wa kupanda, na vyoo visivyotumia maji, na maji ya mvua yanayokusanywa kwa mapaa. Wana utaratibu wa kupokea skuli za hapa, kwa hiyo andikeni barua mapema, msiende kama watalii. Kipindi cha masika ulizeni kwanza, huwa wanafunga. Kaa wa nazi msiwaahidi watoto: hutoka usiku.

Mwalimu_Shamba
Samahani, nilisahau. Wanafunzi 34, darasa la sita, walimu wanne. Tuko Unguja. Wanaojua kuogelea hawazidi tisa. Siku ni Jumamosi, itakuwa mwezi 15.

Mkaa_Wesha
Basi Misali ifute. Mpande meli hadi Mkoani, mlale, ndipo muanze kutafuta boti. Kisiwani hakuna maji matamu, kila tone mnalibeba wenyewe.

Sasa mwezi 15. Hiyo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri, yakapwa saa nne asubuhi, yakajaa tena saa kumi jioni. Boti za ziara nyingi huondoka saa tatu au saa nne, yaani pale pale maji yanapokuwa chini kabisa. Hivi ndivyo kundi moja la skuli lilivyokwama upande wa Fumba. Walipanga kwa saa ya ukutani: kuondoka saa mbili, kurudi saa tano. Kwenda walikwenda vizuri. Kurudi, boti ikagota chini mbali na ufukwe, mbele yao tope na majani ya bahari matupu. Nahodha akasema wangoje, mwalimu akaona jua kali na chupa za maji zimekwisha, akawateremsha watembee. Nusu yao miguu mitupu. Waliochanwa na matumbawe ni wengi, wawili walikanyaga wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na mmoja akachomwa na samaki taa. Hakuna aliyekuwa na chupa ya maji ya moto ya kumtia mguu, na hiyo ndiyo dawa ya mwanzo. Wangengoja kivulini mpaka saa nane boti ingeelea yenyewe. Kosa halikuwa la bahari. Hakuna aliyeuliza mwezi.

Baharia_Kusini
Kweli. Na hata Chumbe, bamvua ikikupwa huogelei juu ya mwamba, tumbo litaparuza. Kwa wasiojua kuogelea wavisheni makoti ya kuokolea, na msiwape mapezi ya miguuni. Anayeanza hupiga teke bila kujua, na tumbawe lililovunjika hapo halitarudi leo wala kesho.

Nungwi_Juu
Mapezi lazima, ndugu. Bila mapezi mtoto anachoka, akichoka anasimama, na akisimama anasimama juu ya tumbawe.

Baharia_Kusini
Ndiyo maana kuna koti na kamba ya kushikia. Anaelea, hasimami.

Nungwi_Juu
Kamba kwa watoto 34? Wagawe watano watano, kila watano mtu mzima mmoja ndani ya maji.

Popo_wa_Chake
Pemba mnaiacha hivi hivi? Pelekeni watoto Kidike wakaone popo wa Pemba. Mchana wananing'inia mitini, karibu na magharibi wanaruka kwa mamia. Hawangoji bamvua wala maji mafu. Miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa kuwindwa, na wanakijiji wenyewe ndio waliowalinda.

Mkaa_Wesha
Chake, huyu yuko Unguja na watoto 34! Lakini umesema kweli. Na Misali nayo ina habari yake: wazee husema Nabii Hadhara alikosa msala wa kusalia, akakifanya kisiwa chenyewe ndiyo msala.

Mwalimu_Shamba
Tukisogeza hadi Jumamosi ya pili, mwezi 22?

Mkaa_Wesha
Hapo ni maji mafu. Yanajaa karibu saa nne asubuhi na hayakupwi sana. Kwa Chumbe ni siku njema, boti inaingia na kutoka bila taabu.

Bint_Pete
Lakini Pete mtakuta maji chini ya mbao, kaa wote wako mashimoni. Mwezi 15 saa nne ndiyo wanatoka topeni na mizizi yote iko nje. Mwalimu, ukisogeza siku unapoteza mikoko.

Mwalimu_Shamba
Mwalimu mkuu anauliza kama Chumbe watawapokea wote 34 kwa siku moja.

Baharia_Kusini
Ni wengi. Omba siku mbili. Na ya pili itakuwa mwezi ngapi?